Saa Tatu za Leipzig

Leipzig, Jumapili, mwisho wa Novemba

Jua limezama saa kumi jioni. Taa za barabarani zimewaka, kunguru wamerudi mitini, na bado mtu hajala hata chakula cha mchana kikatulia tumboni. Saa ya Kiswahili ilishonwa kwa kipimo cha ikweta: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, saa moja usiku ni ya kwanza ya giza, mwaka mzima. Huku, nyuzi 51 kaskazini, nguo hiyo haimkai mtu. Desemba inabana, kwa kuwa jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi limekwisha zama. Juni inapwaya, kwa sababu saa tatu usiku bado unaweza kusoma kitabu nje bila taa.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye Kiswahili chake hapa Leipzig, Ujerumani, huishi na saa tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya kichwani, aliyotoka nayo nyumbani. Ya pili ni ya ubao wa stesheni, yenye tarakimu mpaka 23:59. Kuigeuza ni hesabu ya darasa la pili: kuanzia 7 hadi 18 toa sita, kuanzia 19 hadi 24 toa kumi na nane, kuanzia 1 hadi 6 jumlisha sita. Treni ya 14:03 ni ya saa nane na dakika tatu, ya 21:30 ni ya saa tatu na nusu usiku. Hesabu ni nyepesi, lakini asubuhi ya baridi, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine begi, ndipo inapokosewa. Afadhali kuacha kugeuza kabisa. Soma tarakimu kama zilivyo, Kiswahili kibaki cha kuzungumza.

Saa ya tatu ni ya mdomo, nayo ndiyo yenye mitego. Ukiambiwa mkutane halb drei, maana yake ni nusu ya kuiendea saa tatu ya kwao, yaani 14:30. Anayeisikia kwa sikio la Kiingereza hufika 15:30, akakuta meza imeshafutwa. Sasa ongeza desturi ya mashariki ya Ujerumani, ambayo vitabu vingi vya kujifunzia Kijerumani huipita haraka: viertel drei si robo kabla wala robo baada ya tatu. Ni robo ya kwanza ya kuiendea tatu, 14:15. Dreiviertel drei ni robo tatu zake, 14:45. Ukielewa kwamba wao huhesabu saa kama mtu anayejaza ndoo (robo ndoo, nusu ndoo, robo tatu, imejaa), huikosei tena.

Chuo nacho kina lake. Herufi c.t. zikifuata saa ya mhadhara humaanisha robo saa baadaye: 9 c.t. ni saa tatu na robo. Ikiandikwa s.t., ni saa tatu kamili, na mlango ukifungwa umefungwa.

Wiki nzima huku imepangwa kuizunguka Jumapili. Maduka ya vyakula hufungwa Jumamosi usiku na hayafunguliwi mpaka Jumatatu, isipokuwa machache kama yale ya ndani ya stesheni kubwa, ambako foleni ya Jumapili hujaa watu waliosahau maziwa. Jumamosi basi ni siku ya mambo yote. Kwanza chupa: za plastiki na makopo ya kutupwa hurudishiwa senti 25 kila moja, chupa nyingi za bia senti 8. Usizikandamize ili zienee kwenye mfuko, wala usibandue karatasi. Mashine husoma alama iliyo kwenye karatasi, na chupa iliyokunjika huirudisha mara tatu huku watu nyuma yako wakihema. Chupa ishirini ni euro 5, nayo inatosha unga na maharage ya kopo.

Unga ndio penye elimu. Pakiti za ngano zina namba: 405, 550, 1050. Namba ni kiasi cha madini yanayobaki unga ukichomwa, miligramu kwa kila gramu 100, kwa hiyo ikipanda, unga una pumba zaidi na ni mweusi zaidi. Ya 405 ndiyo rahisi kuiona rafuni, na ndiyo inayoharibu chapati za wengi: ni laini, ya keki, haivutiki, chapati hukatika ukiisukuma. Chukua 550, maji ya uvuguvugu, na uache donge lipumzike nusu saa kabla ya kukata matonge. Ugali wa polenta, mahindi ya kusaga ya dukani, huwa na chenga na rangi ya njano. Isage kwanza, au nenda mtaa wa Eisenbahnstraße, wenye maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika, ukaulizie unga mweupe. Sukuma wiki ipo, wenyewe huiita Grünkohl. Ni jamaa wa karibu ila majani yamejikunja kama nywele, na huuzwa zaidi majira ya baridi. Mishipa yake ni migumu; itoe, kata nyembamba, pika muda mrefu kidogo kuliko ulivyozoea.

Chumba nacho kinataka saa yake. Dirisha lifunguliwe wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, hita ikiwa imezimwa. Wengi hufanya kinyume: huliacha limeinama kidogo kutwa nzima na hita inawaka. Ukuta ulio karibu na dirisha hupoa, mvuke wa ugali na wa nguo zinazoanikwa ndani hutua pale pale penye baridi, na baada ya wiki chache kona nyuma ya kabati inaota kuvu jeusi. Gharama ya kuliondoa huweza kukatwa kwenye amana ya pango siku ya kuhama. Namba za hita zisikudanganye pia. Kuweka 5 hakupashi chumba haraka kuliko 3. Namba ni kikomo cha joto, si kasi, na 3 ni kama nyuzi 20.

Safari, basi. Nauli ya kujua ni Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikawa 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026. Vyuo vingi huwapa wanafunzi kwa asilimia 60 ya bei, ikiwa ndani ya ada ya muhula. Inakupeleka nchi nzima kwa treni za mkoa, zilizoandikwa RE, RB au S, pamoja na tramu na mabasi ya mijini. ICE, IC na EC, treni za masafa marefu, si zako hata kama zinakwenda kituo kilekile, na mkaguzi haangalii umetoka bara gani: faini ni kuanzia euro 60. Tiketi ina jina, hivyo beba kitambulisho chenye picha. Kama iko kwenye simu, simu ikizimika chaji huna tiketi.

Safari ninayoipendekeza kwa siku moja ni Bastei, kwenye majabali ya mchanga juu ya mto Elbe. RE 50 hadi Dresden huchukua saa moja na nusu na ushei. Hapo unapanda S1 inayoelekea Bad Schandau au Schöna. S1 hiyohiyo upande wa pili huenda Meißen, mji mzuri, ila sio uliouendea. Shuka Kurort Rathen baada ya kama dakika 40. Stesheni iko ng'ambo moja ya mto na kijiji ng'ambo nyingine. Kinachokuvusha ni pantoni iliyofungwa kwa kamba ndefu ya chuma, isiyo na injini, inayosukumwa na mkondo wa maji tu. Weka sarafu mfukoni. Kutoka kijijini ni kama dakika 45 za ngazi mpaka daraja la mawe la mwaka 1851, na mto unauona chini, mita 194. Novemba majani yaliyoloa hulala juu ya mawe na kuteleza kama maganda ya embe, kwa hiyo raba za mjini ziache chumbani. Anza kushuka saa nane na nusu, tisa ikizidi sana. Baada ya hapo msitu ni giza na ngazi hazina taa.

Wikiendi isiyo na fedha ina Grünau, mwisho wa S1 ya Leipzig yenyewe. Mtaa huu wa maghorofa ya vipande vya zege ulianza kujengwa 1976, enzi ya Ujerumani Mashariki. Aliyewahi kupita Kikwajuni au Kilimani, Unguja, atasimama: yale maghorofa ya baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa kwa msaada wa dola hiyohiyo. Ndugu wa baba mmoja, hawa wakapata theluji, wale upepo wa bahari na kanga kwenye kamba.

Linaloharibu safari nyingi ni kurudi. Mara nyingi Jumapili huwa siku ya matengenezo ya reli, treni hubadilishwa na basi linalosimama upande wa nyuma wa stesheni, na basi hilo halisubiri mtu. Angalia safari ya kurudi asubuhi kabla hujaondoka, kisha uiangalie tena ukiwa huko. Usipange treni ya mwisho. Panga iliyo kabla yake. Tena sikiliza tangazo: baadhi ya treni za mkoa hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji huu na ya nyuma ule, na aliyelala hushtuka yuko kwingine.

Ukishafika chumbani ni saa tatu usiku. Nyumbani ni saa tano, mama anasinzia. Kwa majira haya Afrika Mashariki iko saa mbili mbele. Jumapili ya mwisho ya Machi huku husogeza mshale, na tofauti hubaki saa moja hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu hujirekebisha zenyewe usiku huo. Saa ya ukutani ya jikoni, kwenye hosteli, hubaki nyuma mpaka apatikane mrefu wa kuifikia.