Siku moja maishani mwangu: kuwatembeza Mji Mkongwe wageni wenye siku moja tu

Saa 11 alfajiri naamka, naswali, nabandika chai. Kabla sijatoka mlangoni nakuwa nimeshavaa kitambulisho changu cha uongozaji, kinachotolewa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, na kitakaa shingoni mpaka usiku. Nakivaa mapema kwa sababu hapa Unguja ukionekana umesimama na mgeni, watu wengi wanakuchukulia kuwa ni papasi. Papasi ni wale wanaowagandia wageni bandarini na vichochoroni, kazi yao kumvuta mtu dukani au kwenye mashua wapate chochote. Sisi tumesomea kazi hii, tunalipia leseni, na neno tunalomwambia mgeni tunaliwajibikia. Mtu akikuona unatembea na Wazungu huku unazungumza, anadhani unalipwa kwa kupiga soga. Ndiyo maana naandika siku hii kama ilivyokwenda.

Saa 1 asubuhi naangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, halafu najibu ujumbe wa wateja. Leo nina familia kutoka bara: baba, mama, binti wa sekondari, mtoto wa kiume mdogo na bibi yao. Wanakuja na boti ya asubuhi kutoka Dar, wanalala usiku mmoja, kesho wanarudi.

Saa 3 niko bandarini Malindi. Boti imeshafunga, abiria wametoka, wageni wangu siwaoni. Napiga simu, haipokelewi. Jua la saa 3 pale bandarini halina huruma na hakuna kivuli cha maana. Baada ya nusu saa nawaona wanatoka, begi lao kubwa liko mikononi mwa kijana ambaye tayari keshawaahidi safari ya bei ya chini kuliko yangu. Baba mtu anatutazama wote wawili.

"Dada, wewe ndiye mwenyewe, au na wewe umetumwa?"

"Ndiye mimi, kaka. Karibuni Unguja." Namwonyesha kitambulisho. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwendo ni mrefu?"

"Tutakwenda taratibu, bibi. Barazani kote tutakaa."

Kijana akang'ang'ania begi mpaka akapewa hela yake. Baba mtu akanigeukia mimi, "Mnagawana nini na yule?" Nikamjibu kwa adabu kwamba simjui. Swali hili naulizwa mara nyingi, na halijawahi kuacha kuuma.

Kisha akatoa simu na kunisomea orodha aliyoitoa mtandaoni: Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, nyumba ya Freddie Mercury, Soko la Watumwa, kisiwa cha Changuu, msitu wa Jozani, mashamba ya viungo, Forodhani jioni. Vyote leo. Nikamweleza kwamba Jozani ni kilomita kama 35 kutoka mjini, kwenda na kurudi peke yake nusu siku inakatika, na wale kima punju ukiwafuata mbiombio huwaoni vizuri. Akasema, "Tutaona." Yaani hajakubali.

Saa 4 tukaanza. Kwa mgeni mwenye siku moja mimi huanzia barabara ya Mizingani, kwa sababu pale mji unajionyesha wenyewe kutokea baharini. Tukasimama kwenye ile zahanati ya zamani aliyoijengesha tajiri Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi wa Kihindi. Binti akapiga picha. Baba akasema, "Inayofuata."

Inayofuata ilikuwa Beit al-Ajaib, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipokwama. Nyumba hii aliijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ikawa ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafariki, na tangu hapo ni habari ya ukarabati. Nilikuwa nimeyasema haya kwenye ujumbe tangu juzi. Baba mtu akasimama mbele ya uzio, simu mkononi, picha ya ukumbi wa ndani kwenye kioo.

"Hapa wameandika iko wazi."

"Hiyo picha ni ya zamani, kaka. Ndani hatuingii."

"Ongea na walinzi. Nyinyi mnajuana."

Walinzi nawajua, ndiyo. Mmoja ni jirani yangu. Lakini siwezi kumwomba mtu avunje amri ya usalama kwenye nyumba iliyoua watu. Nikamwambia hivyo. Akapiga simu kwa rafiki yake aliyeingia zamani. Akampigia mwingine. Mtoto mdogo akaanza kulia kiu, bibi akatafuta pa kukaa hapakuwepo, mama mtu akawa ananitazama mimi kama vile mimi ndiye mwenye funguo. Tulisimama pale, juani, karibu saa nzima. Nikaitumia kadiri nilivyoweza: nikawaeleza jinsi tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilivyosimama kwenye maji haya haya mbele yetu na kuipiga kasri kwa mizinga, vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia, na kasri iliyokuwa hapa pembeni haikusimama tena. Binti akaniuliza kwa nini walipigana. Nikamwambia: Sultani alifariki, Khalid bin Barghash akakalia kiti bila Waingereza kumridhia. Akayaandika kwenye simu yake. Nikapata nguvu kidogo.

Ngome Kongwe tulipita haraka, kwa kuwa baba mtu alikuwa bado na hasira. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, palipokuwa na kanisa dogo la Kireno, na ukuta wake ni mnene mno hata ndani unasikia ubaridi. Bibi alikaa pale kivulini akasema angependa kubaki. Shangani tukasimama kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, kwa ajili ya binti. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964.

Halafu mlango. Mimi siku zote huchagua mlango mmoja tu na kuwakalisha barazani mbele yake. Wageni wengi hupiga picha milango kumi na tano bila kuuona hata mmoja. Nikawaambia watazame juu kwanza: ukiwa bapa ni mtindo wa Kiarabu, ukiwa na tao ni wa Kihindi. Kisha wautazame mfaa, ule mhimili wa katikati uliojaa nakshi, kisha fremu: samaki chini, mawimbi, na mnyororo uliochongwa ukizunguka ukingoni. Wapo wanaowaambia wageni kwamba mnyororo ule ni dalili mwenye nyumba aliuza watumwa. Hadithi hiyo inawasisimua watu na inaleta bahashishi nzuri, lakini mimi siisemi. Mnyororo kwenye mlango hufasiriwa kuwa alama ya ulinzi wa nyumba. Mtoto mdogo akaanza kugusa misumari ya shaba, ile mikubwa yenye ncha, mmoja mmoja, akiihesabu kwa sauti. Nikamwambia mtindo huo ulitoka India, ambako milango ya ngome iliwekewa miiba ili tembo wa vita wasiivunje kwa kichwa. Akacheka akauliza Zanzibar tembo walikuwa wapi. Hapakuwa na hata mmoja, hapa ilibaki pambo. Baba mtu naye, kwa mara ya kwanza, akainama kutazama.

Kwa kuinama kule nikadhani siku imenyooka. Nilipomaliza kuswali adhuhuri na wao kula, akasema, "Sasa kisiwani."

Changuu nilikuwa nimeipanga asubuhi ya kesho, bahari ikiwa shwari na maji yakiwa juu. Mchana huu maji yalikuwa yamekupwa, na mashua ikikaa mbali na ufukwe mtu anaingia maji ya magoti akiwa amebeba viatu. Nikasema bibi hawezi. Bibi mwenyewe akasema hawezi. Mama akabaki naye kwenye bustani ya Forodhani, nikawaachia maji na nikamwomba muuza kahawa ninayemfahamu awaangalie. Sisi tukaenda. Upepo ulikuwa umeshaamka. Mtoto alitapika nusu ya njia, nikamshika kichwa nje ya mashua huku nahodha akipunguza mwendo. Kisiwani nikawaonyesha jengo lililojengwa miaka ya 1890 liwe jela, likaishia kuwa karantini ya wasafiri wenye maradhi, na wale kobe wakubwa ambao uzao wao ulianza na waliotoka Shelisheli mwaka 1919. Umri wao umeandikwa mgongoni kwa rangi. Mtoto akasahau kichefuchefu, akawa anawalisha majani na kusoma namba. Baba akapiga picha tano, akatazama saa, akaniuliza kama tukirudi sasa hivi Jozani inawezekana.

Sikumjibu pale pale. Miguu ilikuwa inaniwaka, baibui lina chumvi mpaka kiunoni, koo limekauka kwa kusema tangu asubuhi. Hapo ndipo watu wasipoiona kazi yetu: huwezi kununa. Mgeni alihifadhi pesa mwaka mzima aje siku moja, na siku hiyo ni yake. Nikamwambia, "Kaka, tukienda Jozani utakuta lango linafungwa. Nipe saa moja Mkunazini, palipokuwa Soko la Watumwa, na mama yako awepo. Kisha kama hukuridhika, niambie."

Alasiri ilikuwa inaelekea kwisha tulipofika. Nilimshika bibi mkono vichochoro vyote, tukikaa kila baraza, pamoja na pale Jaws Corner ambapo wazee walimsogezea nafasi na kikombe cha kahawa chungu. Kanisa la Mkunazini limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash chini ya shinikizo la Waingereza. Ndani, mbele ya altare, kuna duara la marumaru sakafuni. Inaelezwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia. Pembeni kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, kijiji kilichopo Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa. Nje, shimoni, kuna sanamu za watu watano zilizowekwa mwaka 1998, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, na minyororo shingoni mwao si ya kuchongwa, ni chuma hasa.

Bibi alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu. Akaniuliza, "Hawa walitokea wapi?"

Nikamwambia wengi walitoka bara, ndani kabisa. Wapo walioteremshwa Bagamoyo, na wapo waliotembezwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa mpaka Kilwa, ndipo wakapakiwa majahazini.

"Sisi ni watu wa huko Nyasa," akasema. Akaanza kuwaeleza wajukuu mambo aliyoyasikia kwa bibi yake: vijiji kulala porini, mama kumziba mtoto mdomo asilie. Binti akaacha kuandika. Baba mtu akaniomba kwa sauti ya chini nimweleze tena habari ya Kilwa, pole pole, nikamweleza. Simu ilikuwa mfukoni. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga, na Jozani haikutajwa tena.

Forodhani tulifika magharibi, vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani na taa za wauza vyakula zikiwashwa. Mimi kazi yangu pale ni kuwakumbusha waulize bei kabla hawajaonja, na kuwaelekeza kwenye urojo na maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Baba akaagiza mishkaki, akanisogezea sahani kwanza kabla ya kujipakulia. "Kula, dada, umechoka." Nikala. Wakati wa kuagana akaniuliza kama kesho kabla ya boti naweza kuwapeleka tena kwenye ule mlango, bibi auone vizuri bila jua. Tukakubaliana saa 1 asubuhi.

Nyumbani nimefika saa 3 usiku, nimeloweka miguu, nikafungua simu. Wageni wa kesho mchana wameandika: wana saa mbili kati ya boti na ndege, je, mji wote utamalizika? Nimewajibu kwamba hautamalizika, na kwamba saa mbili zinatosha Mkunazini, mlango mmoja, na kikombe cha kahawa Jaws Corner. Nimewaambia waje na viatu vya kutembelea na wafunike mabega. Wamejibu wanataka na Beit al-Ajaib. Nitawaeleza tena kesho.