Mishkaki ya Moyo, Mjini Paterson

Jumamosi ile nilitoka Newark bila kunywa hata chai. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Callao nchini Peru, ndiye aliyeniagiza nije na njaa. Tukabadilisha treni Secaucus, na kabla ya saa sita mchana tukashuka Paterson, mji wa New Jersey, Marekani, uliovuma zamani kwa viwanda vya hariri. Kazi za viwandani ndizo zilizowavuta Waperu huku. Viwanda vingi vimekufa, wao wapo, na tangu mwaka 2016 eneo lao la Mtaa wa Market linaitwa Peru Square.

Tuliingia kwenye mgahawa mdogo ambao jiko lake unaliona kupitia dirisha. Mama mpishi alikuwa akiandaa ceviche. Alikata samaki mbichi vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba, akatia chumvi kwanza, kisha vitunguu, pilipili na kotmiri, ndipo akakamua ndimu. Kila ndimu aliibana mara moja tu akaitupa. Nikadhani anaharibu mali. Mwenzangu akanieleza kwamba ukiikamua mpaka mwisho inatoa uchungu.

Dakika chache baadaye sahani ilikuwa mezani. Mimi ni mtu wa Tanga. Samaki kwangu hukaangwa, huchomwa au hupikwa kwa nazi, kwa hiyo nilisita. Mama akatoka jikoni, akasimama kando yangu, akanichotea mwenyewe: kipande cha samaki, kitunguu, na kiazi kitamu kidogo. Ukali wa ndimu ulinipanda hadi puani, kisha kiazi kikautuliza. Kumbe kazi ya kiazi ndiyo hiyo! Desemba 2023 UNESCO iliiingiza ceviche kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mwenzangu alilitaja hilo kwa fahari ya mtu anayemsifu mama yake.

Lakini kilichonishika ni anticuchos. Ni mishkaki ya moyo wa ng'ombe, iliyolazwa kwenye siki, kitunguu swaumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya kwao iitwayo ají panca. Moshi wake ulikuwa moshi wa barazani kwetu jioni. Waperu wanasimulia kwamba chakula hiki kilikuzwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani, walioachiwa viungo vya ng'ombe ambavyo mabwana hawakuvitaka. Niliposikia hivyo niliweka kijiti chini kwanza. Watu wale hawakuachiwa hata majina yao, na bado mikono yao ilijua la kufanya na moyo na moto. Leo mji mkuu wao, Lima, wote unakula.

Mama aliniuliza kwetu mishkaki tunaila na nini. Nikamtajia ukwaju, lakini jina la Kihispania sikulijua, basi nikamchorea ganda lake kwenye karatasi ya kufutia mikono. Akacheka kwa furaha: “Tamarindo!” Wanautumia pia, kwenye vyakula vya chifa, yaani mapishi ya Wachina wa Peru. Akataka nimletee wa kwetu, jinsi tunavyoutengeneza, auonje na moyo.

Nimeshaununua kwenye duka la Wahindi. Umelowekwa tangu jana, na treni ni saa nne.