Hesabu watu walikolala, si walikopanga foleni

Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuufunika mji mdogo wa Katesh, madarasa yaligeuzwa makazi ya muda. Hesabu ya kambi ni rahisi: kila mtu apate mita za mraba 3.5, hivyo darasa la mita 7 kwa 9 linatosha watu 18. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 400 wanataka lita 6,000, na boza lipangwe kwa kiasi hicho. Choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha kimoja kwa 20.

Kazi ngumu iko nje ya kambi. Baada ya maafa wengi hukimbilia kwa ndugu, na orodha inayoandikwa mchana wakati wa kugawa chakula haiwaoni. Inawaona walioandikishwa mara mbili.

Pita kitongoji kwa kitongoji alfajiri, ukiwa na mwenyekiti na mhudumu wa afya wa jamii. Uliza kila nyumba: jana usiku wamelala wangapi? Kabla ya tope mlikuwa wangapi? Tofauti ndiyo waliohama waliopokelewa hapo. Mwenye wake wawili, uliza kila nyumba peke yake. Mpangaji muulize mwenyewe, kwa sababu fomu ya nyumba zilizobomoka hubeba jina la mwenye nyumba, na mpangaji anabaki bila chochote. Wafugaji waliosogeza mifugo utawapata kwa kuuliza malishoni, si ofisi ya kijiji.

Usiulize "mnahitaji nini?" Aliyeona mablanketi yakishushwa atasema mablanketi. Uliza jana walikula nini, maji waliteka wapi, dawa ya kila siku imebaki ya siku ngapi. Wanawake waulizwe na mwanamke, faragha, hasa kuhusu sodo na usalama wa njia ya chooni.

Rudia siku ya 7 na ya 14, maana watu huhama tena, na Januari madarasa yanadaiwa na wanafunzi. Katika kurudia huko pima pia akiba ya chakula ya mwenyeji aliyewapokea. Gunia la kilo 100 kwa watu 14, gramu 400 kila mmoja kwa siku, halifikishi siku 18. Kaya hiyo iingie kwenye mgao mapema, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga kambini.