Moto Usiozimika na Bakuli la Peramiho

Mwezi wa sita mwaka 2003 nilishuka kwenye Hiace ya Songea pale Peramiho nikiwa na begi moja na kauntabuku ya kwaya mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiandika hadithi moja tu: Walinzi wa Moto, watawa mia tatu waishio juu ya mlima usio kwenye ramani yoyote, wakilinda moto ambao haujazimika kwa miaka elfu. Walikuwa na panga za fedha na vyeo saba, na mkuu wao alitawala kwa ndoto. Mjomba wangu, fundi seremala kwenye karakana ya abasia, ile nyumba kubwa ya watawa Wabenedikto, ndiye aliyeniombea nafasi ya wiki moja nyumba ya wageni. Alisema, kama unaandika habari za watawa, nenda ukawaone.

Baridi ya kule mwezi wa sita inaingia mpaka kwenye mifupa. Kengele ililia gizani, nikajifunga blanketi begani, nikaenda kanisani. Mabruda na mapadre walikuwa wamekaa pande mbili wakitazamana, upande huu ukisali mstari wa zaburi, upande ule ukijibu. Katikati ya kila mstari waliweka kituo kidogo, pumzi moja hivi. Sikukijua. Mstari wa kwanza niliofuata, wote walinyamaza na sauti yangu ikaendelea peke yake chini ya dari lile refu. Hakuna aliyegeuka. Siku ya pili nilikuwa nimekishika kituo kile, na mpaka leo nikisali zaburi peke yangu nyumbani nakiweka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa aproni. Bruda wa jikoni alikuwa mzee wa Kimatengo mwenye mikono mipana, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia “Tumsifu Yesu Kristo,” akajibu “Milele na milele, amina,” akanisogezea ungo wa maharage tuchambue. Aliniuliza kile ninachoandika kila jioni ni nini. Nikampa.

Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma kurasa kumi na mbili bila kuruka hata moja. Halafu akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

“Moto wenu hauzimiki miaka elfu,” alisema. “Kuni anachanja nani?”

Sikuwa na jibu.

“Na hao mia tatu, anayewapikia ni nani? Wiki ijayo zamu ya nani?”

Niliona aibu, lakini yeye hakuwa ananisuta. Alitaka kujua kweli, kama mtu anayeulizia habari za nyumba ya jirani. Akaniuliza pia kama mlima wangu umewahi kuungua, maana Peramiho iliungua: misheni aliyoianzisha Padre Cassian Spiss mwaka 1898 ilichomwa kwenye Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. “Ukiwa na nyumba, uwe na mtu wa kuhesabu kilichobaki,” alisema.

Jioni ile aliniazima Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa, kijitabu chembamba kilichochakaa kona. Nilitegemea mafumbo. Nilikuta sura 73, na nyingi kati yake ni mambo ya mtu mwenye nyumba kubwa. Waliomo zamu jikoni wapewe mkate na kinywaji saa moja kabla ya chakula, wasije wakahudumia wenzao kwa manung'uniko. Anayemaliza wiki yake Jumamosi afue vitambaa vya kufutia mikono na miguu, arudishe vyombo vikiwa safi na vizima. Mtunza mali ya nyumba avitazame vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwenye lango akae mzee mwenye busara, anayejua kupokea neno na kulijibu. Watawa walale wamevaa, wamejifunga mikanda, lakini visu wavitoe kiunoni, wasije wakajikata usingizini. Mtu aliyeandika hayo aliishi Italia karne ya 6, na nilipofika kwenye vile visu nilimwona kabisa: ameketi, anamfikiria ndugu mmoja anayegeukageuka kitandani.

Panga zangu za fedha hazikuwa na mahali pa kuwekwa usiku. Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Na vyeo vyangu saba! Kanuni inasema ndugu wapangwe kwa kufuata siku waliyoingia. Aliyefika saa ya pili ya mchana ajue ni mdogo wa aliyefika saa ya kwanza, awe na umri au heshima gani huko alikotoka. Tena kwenye mashauri makubwa wote waitwe, maana mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema. Nilisoma mpaka mkono ulioshika kijitabu ukafa ganzi kwa baridi.

Siku ya tano nilivunja bakuli. Lilikuwa la udongo, zito, lenye mstari wa bluu ukingoni. Lilinitoka mikononi wakati wa kusuuza, likagonga sakafu. Jikoni nilikuwa peke yangu. Nilikusanya vipande, nikavifunika kwenye ndoo ya majivu, nikaendelea kusuuza na moyo unanidunda. Chakula cha mchana hakikupita kooni. Bruda hakusema kitu, nami nikajiambia hajui.

Usiku nilifungua Kanuni nikiwa natafuta habari za ukimya wa baada ya sala ya mwisho. Nikaangukia sura ya 46: atakayevunja au kupoteza kitu akiwa kazini, jikoni, ghalani, bustanini, popote, aende mwenyewe mara moja akaseme. Likijulikana kwa kinywa cha mwingine, adhabu yake kubwa zaidi. Nilizima taa nikalala macho. Mimi sikuwa mtawa, sikuwa nimeweka nadhiri yoyote, na hilo nililirudia moyoni mara nyingi sana usiku ule. Halikunisaidia.

Alfajiri, baada ya Masifu, sala ya asubuhi, nilimsubiri mlangoni mwa jikoni.

“Bruda, jana nilivunja bakuli. Nikalificha kwenye majivu.”

“Ulijikata?”

“Hapana.”

“Haya, njoo.”

Alinipeleka kwenye kabati la ghala, akatoa daftari refu lenye jalada gumu. Ndani, kwa mwandiko wa watu tofauti, kulikuwa na hesabu ya kila kitu: miiko, sufuria, visu, mabakuli ya bluu, ukurasa kwa ukurasa, kila zamu na tarehe yake. Alipitisha kidole mpaka kwenye mstari wa mabakuli, akakata 84 kwa mstari mmoja ulionyooka. Kisha akanigeuzia daftari, akanipa kalamu, nami nikaandika 83.