Jinsi nilivyoandaa maonyesho yangu binafsi ya michoro ya ukutani mjini Dodoma

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiishi kwa kuchora kuta za Dodoma: maduka ya vipuri, saluni, uzio wa shule na, pale mwenye ukuta anaporidhia, hadithi ndefu ambayo mpita njia huisoma akitembea. Mtindo wangu umetokana na grafiti, yaani herufi nene za rangi ya kupuliza, michirizi iliyoachwa iteremke yenyewe, na maneno yanayogombea nafasi na sura za watu. Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kusimulia. Nilipoamua kufanya maonyesho yangu binafsi ndani ya ukumbi, fedha zilinisumbua, kibali kilinichukulia muda, ila kilichoninyima usingizi ni namna hadithi iliyozoea kusomwa barabarani itakavyosomwa ndani ya chumba chenye mlango.

Wenzetu walikwisha kulikabili jambo hilo. Mchoraji wa Marekani Jean-Michel Basquiat, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandika kuta za New York pamoja na rafiki yake Al Diaz kwa jina la SAMO, alifanya maonyesho yake binafsi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1982, katika ukumbi wa Annina Nosei. Mwaka huohuo Keith Haring, aliyekuwa akichora kwa chaki juu ya karatasi nyeusi zilizofunika mbao tupu za matangazo katika vituo vya treni za chini ya ardhi, naye alionyesha kazi zake katika ukumbi wa Tony Shafrazi. Nilitazama picha za kazi zao kwa makini, na kwa Basquiat nikajifunza jambo moja ambalo lilibeba maonyesho yangu yote: alikuwa akiyakata maneno kwa mstari ili mtazamaji ayaangalie zaidi. Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Nyumba iliyopigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa, ndiyo inayotazamwa kuliko nyumba zote za mtaa.

Mwalimu wangu wa pili yuko karibu zaidi. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na juu yao au kando yao kuna michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Aliyekuja nyuma hakukwangua kazi ya aliyemtangulia. Alichora juu yake, na leo tunaziona zote mbili kwa pamoja. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu wa Tanzania ya kati anayechora ukutani anapaswa kwenda Kolo kabla ya kutafuta mfano wa mbali.

Hadithi niliyoichagua ni ya ukuta mmoja. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa, barabara zimepanuliwa, na kuta zimejaa maandishi. Nikambuni bibi mjane anayeishi katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, pembezoni mwa mji. Katika mchoro wa kwanza ukuta wake una vistari vya mkaa tu kando ya mlango, hesabu ya deni la maziwa analomdai jirani. Baadaye mwanawe anaandika NYUMBA HII HAIUZWI, kisha inakuja namba ya kiwanja, kisha X, kisha matangazo ya fundi bomba na ya dalali. Michoro ilikuwa 14, na katika yote ukuta una ukubwa uleule na umesimama mahali palepale. Wanaobadilika ni watu na maandishi. Kila maandishi mapya nilipoyaweka, niliyaacha ya zamani yaonekane chini yake, kama wale wa Kolo walivyofanya.

Kazi yenyewe niliifanyia uani. Kitambaa kilikuwa marekani nzito, iliyovutwa juu ya fremu za mbao na kupakwa gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya maji. Juu ya hapo niliongeza tabaka la udongo mwekundu uliochekechwa vizuri na kukorogwa na gundi, ili rangi ikikaa ikae juu ya kitu chenye chembechembe kama ukuta wa udongo, kwa sababu rangi ya kupuliza juu ya kitambaa laini hung'aa kwa namna isiyopendeza na kupoteza ukali wake. Makopo niliyotumia ni yale ya rangi ya magari yanayouzwa madukani kwetu. Hayo hutoa rangi kwa wingi na kwa upana, kwa hiyo X na namba za kiwanja nilizipulizia kupitia boksi lililokatwa kwa wembe, na nyuso za watu nikazimalizia kwa brashi. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huinuka mchana ukiwa umebeba vumbi, na vumbi likinasa kwenye rangi mbichi halitoki tena. Kupuliza nilikufanya alfajiri, mchana nikashika brashi na mkaa.

Ukumbi niliupata katika ghala la zamani la nafaka karibu na reli. Mwenyewe ni mzee wa Kigogo, na nilipomwamkia "Mbukwenyi" alinikaribisha, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Alikubali, tena alitaka kulipaka ghala lote chokaa kwa gharama yake.

"Mwanangu, watakuja watu wa wizarani," alisema. "Wakikuta ukuta una madoa watasema mzee amekupa banda la mbuzi."

"Baba, kuta tatu nakubali zipakwe," nilimjibu. "Ule wa nne naomba ubaki ulivyo, maana watu watauandika."

Alinyamaza kidogo, akauliza kama nitaulipia ukishachafuliwa, nami nikaahidi. Tukamalizana hapo.

Upangaji ndio uliokula akili yangu yote, na ndio ninaotaka mchoraji mwenzangu wa mitaani auzingatie. Kawaida ya kumbi za maonyesho ni kutundika picha ili katikati yake iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni. Mimi nilishusha kidogo, kwa kuwa nilitarajia watoto na wazee watakaokaa kwenye mabenchi, kisha nikahakikisha mstari wa ardhi katika michoro yote 14 unakwenda sawa kutoka mlangoni hadi mwisho wa ghala. Nilivuta uzi wenye chaki kuzunguka chumba kizima kabla ya kugonga msumari wowote wa zege. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetembea huona ardhi ileile isiyokatika, na jicho lake hubaki huru kufuata kinachobadilika. Nafasi baina ya michoro niliibadili kwa makusudi: ile ya mwanzo ilikaribiana, na baada ya mchoro wa X niliacha karibu mita mbili za ukuta mtupu, ili msomaji atembee hatua kadhaa bila kujua bibi amepatwa na nini. Taa niliziweka ziangaze kwa mshazari, maana mwanga wa mbele kabisa ulifuta chembechembe za udongo ambazo nilizihangaikia sana.

Nilikataa kubandika maelezo marefu kando ya kila mchoro. Ukutani mtaani hakuna anayekueleza usome nini. Niliweka jina la maonyesho mlangoni, na chini ya ukuta wa nne nikaacha sinia la vipande vya mkaa.

Siku ya ufunguzi walikuja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, watumishi wa umma, mafundi rangi na akina mama lishe wa jirani. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni alifika hadi mchoro wa kumi, akasogea karibu, kisha akarudi hadi wa tatu na kuhesabu kwa kidole bila kugusa. "Huyu jirani hajalipa maziwa," aliwaambia wenzake. "Vistari ni vilevile saba, wamevipitishia rangi tu." Wenzake wakarudi mwanzo kuhakiki, na kuanzia hapo watu walisimama kwa zamu mbele ya mlango ule wa tembe, wakitafuta deni chini ya matangazo ya dalali. Furaha niliyoipata hapo sijawahi kuipata kwa ukuta wowote niliolipwa kuuchora.

Wateja walikuwepo, na karibu wote waliutaka mchoro wa X peke yake. Nilikataa kuutenga. Mtu akinyofoa ukurasa mmoja wa hadithi anapata alama nyekundu nzuri ya kutundika sebuleni, lakini bibi na deni lake wanabaki nje, na bila wao alama ile haina uchungu wala maana. Badala yake niliuza michoro midogo ya mkaa ya maandalizi pamoja na yale maboksi yaliyokatwa, na mapato yake yalifidia mbao, marekani, rangi na kodi ya ghala. Mzee alipoona ukuta wa nne umejaa majina, namba za viwanja na madeni ya watu, alisema usipakwe chokaa kwanza, akaniondolea ile ahadi ya malipo.

Mfululizo wote ninao bado, na ninataka kuupeleka Kondoa. Tabaka la udongo halikunjiki, likikunjwa linapasuka, kwa hiyo fundi seremala ananitengenezea makasha ya mbao ambamo kila mchoro utasimama wima na kutenganishwa na mwenzake kwa vipande vya godoro.