Siku yangu na bildi inayofeli ikijisikia

Saa 2 na nusu asubuhi. Nafungua laptopu nakuta bildi ya usiku (seva kugeuza kodi yetu kuwa programu) imefeli tena, eror ile ile, toleo.h, faili ambayo kodi inaihitaji, haipo. Nairudia inapita. Dada anayekaa pembeni ananicheka, "kaka we ibonyeze mara mbili tu, mbona sie tushazoea".

Saa 4, chai na chapati. Kwangu haifeli hata nifanyeje, make, programu inayoendesha bildi, nimeipa -j16, yaani kazi 16 kwa mpigo kama seva yetu, inapita tu. Kumbe toleo.h ya juzi imebaki kwenye folda, kompaila, ile inayotafsiri kodi, inaiokota hiyo hiyo inaendelea na safari, wakati seva kila siku inaanza na folda tupu. Na make clean, amri ya kusafisha, haiifuti maana hakuna aliyeiandika huko. Nafuta kwa mkono, narudia, ikafeli. Sijawahi kufurahia eror namna ile aisee.

Saa 6. Hiyo toleo.h inatengenezwa na kaskripti ka Python bildi ikianza. Kwenye Makefile, faili ya maelekezo ya make, imetajwa ya kwanza kabisa, basi aliyeandika akajua yameisha. Ukibildi kazi moja moja ni kweli make inazifuata zilivyopangwa ndo maana miaka yote ilikuwa poa, ila ukiipa -j inaanzisha kwa mpigo kila isiyo na cha kusubiri, na main.o, moja ya faili za .o zinazotoka kwenye kompaila, hakuna mtu aliyeiambia isubiri toleo.h, kwa hiyo ni mbio, skripti ikichelewa kidogo umeumia. Zile faili za .d za gcc -MMD (kompaila inaandika humo nini kinategemea nini) nazo kwa bildi ya kwanza hazisaidii kitu, zinazaliwa baada ya kukompaili. Dawa yenyewe mstari mmoja, kwamba kila .o isubiri toleo.h iwepo kwanza:

$(OBJS): | toleo.h

Hako kamstari kamenilia nusu siku, na msosi wa mchana sikula.

Saa 9. Siamini bado. GNU Make 4.4 ya 2022 ilileta --shuffle, inavuruga mpangilio makusudi, kwangu ilikuwepo 4.3 so nikaijenga mpya. Naipa --shuffle=reverse, hata bila -j ikanifichulia nyingine, faili inaandikwa kwenye folda ambayo mkdir yake, amri ya kuiunda, haijafika zamu. Na hii nayo tungeilaumu seva.

Saa 11 napush, natuma marekebisho. Bildi ikapita mara ya kwanza, yule dada akaibonyeza tena kwa mazoea.