Jumba la Mtaa wa Chestnut

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 14:28-30, habari za mtu aliyeanza mnara bila kuketi kwanza akapiga hesabu, na watu wakamcheka.

Nikilisoma humkumbuka Robert Morris. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1734, akavuka bahari angali kijana, na huko Philadelphia akatajirika kwa biashara ya meli. Tusimpambe: kampuni yake iliuza hata Waafrika utumwani. Aliingia kwenye siasa, akatia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, na mwaka 1781 akakabidhiwa hazina isiyo na kitu. Noti za Bunge zilikuwa zimeshakuwa makaratasi matupu, lakini hati yenye saini ya Morris watu waliipokea. Jina la mtu mmoja likaaminika kuliko la nchi!

Baadaye akawa seneta, na tamaa ya ardhi ikamshika. Alinunua mamilioni ya ekari kwa mkopo. Papo hapo akaanza kujenga jumba la fahari Mtaa wa Chestnut, akimtumia L'Enfant, yuleyule aliyechora ramani ya jiji la Washington. Halikuisha. Wenyeji wakaliita Upumbavu wa Morris. Februari 1798 wadai wake wakamtia gerezani.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. George Washington, alipokuwa rais, aliishi Philadelphia katika nyumba ya Morris. Mwaka huohuo wa 1798 alifika tena mjini, akamfuata mwenyeji wake wa zamani gerezani, wakala pamoja. Hakwenda kumlipa mtu deni. Alikwenda kula naye.

Mathayo 25:36, "nalikuwa kifungoni, mkanijia", tumezoea kuisoma tukiwawazia walioonewa. Morris hakuonewa, alijitakia mwenyewe. Nami nimeitafuta aya hiyo mbele na nyuma, sioni mahali Bwana anapouliza mfungwa aliingiaje. Yupo ndugu yetu mmoja aliyezidiwa na mikopo. Tulimwombea kila Jumapili, kwa sauti kabisa, na mlangoni kwake hakuna aliyebisha hodi. Nami nimo.

Morris aliachiwa Agosti 1801, kwa sheria mpya ya waliofilisika. Washington alikuwa ameshafariki, tangu Desemba 1799.